Baki ni ya Mgawaji

Gelasius, mkulima wa mpunga,
Kitongoji cha Mtoni, Kibaoni,
Mkoa wa Katavi.
Mei 2025

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule yetu ya Msingi.

Ndugu Mwalimu Mkuu,

YAH: OMBI LA KUSITISHA NAMBA TASA, VIGAWO NA VIGAWE DARASA LA TANO KABLA SHULE HAIJAFUNGWA

Salamu zangu zikukute ofisini, si darasani, maana nikikuwaza darasani napandwa na hasira, na barua hii nimejiahidi kuiandika kwa adabu. Sisi huku wazima. Mpunga umevunwa, panya wamechukua wao, nasi tumechukua wetu.

Mimi ni babu yake Odeta wa Darasa la Tano. Bila shaka unanikumbuka kwenye mkutano wa wazazi: ndiye niliyeuliza kwa nini mlango wa choo kipya unafungukia ndani. Swali lile sijajibiwa mpaka leo, lakini silo lililoniketisha mezani.

Jambo lenyewe ni kwamba shule ikifungwa mwezi wa sita, mjukuu wangu ananihama. Hajagombana na mtu, hajapigwa, hajanyimwa chakula. Anahama kwa sababu ya hesabu, na hesabu hiyo ameipata kwenu. Nyumba yangu ina watu wawili tu, mimi na yeye. Akiondoka, utaona mwenyewe inabaki nini.

Malalamiko yangu nimeyapa namba kama inavyotakiwa katika barua za ofisi. Ila nimetumia zile mnazoziita tasa peke yake, yaani zisizokubali kugawanywa na namba yoyote isipokuwa moja na zenyewe. Nne, sita, nane na wenzao sitaki kuwaona kwenye karatasi yangu, na sababu utaiona huko mbele. Moja pia nimeiacha. Odeta ananiambia Mwalimu Nyanda amewafundisha kwamba moja haimo kwenye tasa wala haimo kwenye zile nyingine. Namba isiyojua iko upande gani siwezi kuikabidhi lalamiko langu. Basi naanza na mbili.

Lalamiko la 2. Kuhusu maharage.

Mwalimu Nyanda ni kijana mwenye heshima zake. Ananisalimia akiwa juu ya pikipiki, na mara nyingine hupunguza mwendo kabisa. Sina ugomvi naye kama mtu. Lakini amewafundisha watoto kupanga vizibo vya soda. Ukiwa na vizibo kumi na viwili, unavipanga mistari miwili yenye sita sita, au mitatu yenye vinne vinne, na vyote vinaenea. Hizo mbili, tatu, nne na sita ni baadhi ya vigawo vya kumi na mbili. Ukiwa na vizibo saba, vinakataa kila mpango, vinakubali mstari mmoja tu mrefu. Hiyo ndiyo tasa. Mpaka hapo nimeelewa, na nakiri mafundisho ni mazuri.

Tatizo ni kwamba nyumbani kwangu hakuna vizibo, kwa sababu sinywi soda. Kuna maharage. Kila jioni maharage yanamwagwa kwenye ungo yapangwe mistari kabla ya kuingia chunguni. Yakikataa kupangika, linatolewa moja, yanapangwa upya. Yakikataa tena, linatolewa jingine. Maji yanachemka, yanapungua, yanaongezwa, na mimi nimekaa na njaa yangu nikisubiri maharage yakubaliane. Pia nina kuku kumi na watatu. Odeta amenishauri niuze mmoja ili wapangike. Nimefuga kuku maisha yangu yote na sijapata kuona kuku aliyepangika.

Hilo nimelivumilia. Nimeliandika tu ili ujue mambo yalianzia wapi.

Lalamiko la 3. Kuhusu ukuta wangu na siri ya ukoo.

Hapa lazima nikueleze kazi yangu, kwa kuwa wewe ni mgeni wa miaka miwili tu. Mimi ndiye mgawaji wa jumuiya yetu ndogo ndogo ya kanisa. Sikukuu ikifika, nyumba zote zinachanga, ananunuliwa dume, anachinjwa, na nyama inapangwa mafungu juu ya turubai. Anayepanga ni mimi. Kabla yangu alipanga marehemu baba. Nyumba zinapita kwa zamu, kila moja ikichukua fungu, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mafungu yakipungua hata hayawezi tena kuzunguka nyumba zote, yale yaliyosalia huitwa baki, na baki ni ya mgawaji. Ndiyo malipo yake ya kunoa kisu, ya kupinda mgongo na ya kutukanwa na wanaotaka maini.

Sasa, idadi ya mafungu anaipanga mgawaji mwenyewe. Anaweza kuyafanya makubwa yakawa machache, au madogo yakawa mengi. Baba aliniachia namba nne za kutumia: thelathini na saba, arobaini na moja, arobaini na tatu, na arobaini na saba. Hakunieleza sababu. Aliniambia tu kwamba hizo hazijawahi kumwangusha, nyumba ziwe nane, ziwe tisa, ziwe kumi na nne. Ya kwanza ni ya siku za kawaida, ya mwisho ni ya Pasaka. Nimezitunza. Mke wangu amekufa hazijui.

Siku moja narudi kutoka mashineni kukoboa, nakuta ukuta wangu wa mbele, niliousiriba mwenyewe kwa udongo mweupe, umeandikwa kwa mkaa kuanzia moja mpaka mia. Odeta na rafiki yake Minza wamepewa kazi: wafute moja, kisha vigawe vyote vya mbili isipokuwa mbili yenyewe, kisha vya tatu, vya tano na vya saba kwa mtindo huo huo, na zitakazosalia wazizungushie duara. Ukuta mzima umechorwa mistari, na katikati ya mistari zimesimama namba ishirini na tano zenye duara. Nikasogea. Nikaziona zote nne. Namba za baba yangu, Mwalimu Mkuu, zimekaa hadharani na duara kama zinatafutwa na polisi, na mbuzi wa jirani anazitazama.

Niliwauliza watoto nani amewapa namba hizi. Minza akajibu, "Babu, hizi mbona za silabasi?"

Sikulala vizuri. Kumbe kitu ambacho baba alinirithisha kwa kuninong'oneza, serikali imekigawa bure kwa watoto wa nchi nzima, na picha za rangi zimo.

Lalamiko la 5. Kuhusu Pasaka.

Mwaka huu nyumba zilizochanga zilikuwa kumi na mbili. Nikatandika turubai, nikapanga mafungu arobaini na saba, safi, yaliyolingana, kila fungu na mfupa wake. Kila nyumba ingepata matatu, na kwa mgawaji yangebaki kumi na moja. Nakubali kwamba kumi na moja ni mengi. Baba pia alikubali, ndiyo maana alisema namba ile isiguswe nje ya Pasaka. Na kwenye hayo kumi na moja hula watu wengi ambao hawakuchanga, lakini hayo si ya shule.

Mzunguko wa tatu haujaisha, Odeta akasimama mbele ya jumuiya nzima, na sketi yake ya shule siku ya sikukuu, akasema kwa sauti ile mnayowafundisha ya kujibu maswali: "Babu, ongeza fungu moja tu, yawe arobaini na nane. Kila nyumba itapata manne, na hakuna baki."

Ndugu yangu, wakageuka wote kulitazama turubai. Kisha nikaona vidole. Watu wazima, waumini waliotoka kusali, wananihesabia mafungu. Bi Romana, mwenyekiti wetu wa jumuiya, mama ambaye kwa miaka yote hajawahi kuhesabu hata waliohudhuria sala, alihesabu mara mbili. Wakanyofoa kidogo huku, kidogo kule, wakatengeneza fungu la arobaini na nane mbele ya macho yangu. Na Bi Romana akasema, "Kumbe nyie watu wa ukoo huu mlikuwa mnakula kwa akili!"

Nikaenda nyumbani na mafungu manne kama mtu yeyote. Wale wasiochanga walikuja kama kawaida yao, nikawapa mchuzi.

Mtoto hakuwa na ubaya. Aliniuliza njiani kama nimefurahi alivyopata jibu. Nikasema nimefurahi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba mlinifanya niseme uongo siku ya Pasaka.

Lalamiko la 7. Kuhusu kisu.

Imependekezwa kwamba sikukuu ijayo ya mtakatifu msimamizi wa jumuiya, kisu apewe Odeta, mimi nishike turubai.

Lalamiko la 11. Kuhusu zizi la Mzee Ngolo.

Usidhani madhara yako kwangu tu. Jirani yangu Mzee Ngolo, baba yake Minza, ni Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake zamani. Ana ng'ombe thelathini na mmoja na vijana wanne wanaotaka kugawiwa. Kila mwaka vijana wanakaa, wanagawa saba saba, wanabaki ng'ombe watatu, na hao watatu wanazua ugomvi mpaka kila mtu anasusa na kurudi kwake. Mzee anafurahi, ng'ombe wanabaki zizini. Hivyo ndivyo boma lile lilivyodumu.

Minza alipojifunza tasa alimwambia baba yake kwamba thelathini na moja haigawanyiki kabisa, hata kaka zake wangekuwa watano, hata wangekuwa sita. Mzee Ngolo alifurahi mno. Alimletea Mwalimu Nyanda maziwa ya mgando. Akawaita vijana wake, akamsimamisha mtoto awaeleze, akawaambia si yeye anayewanyima, ni elimu.

Juma lililofuata ng'ombe akazaa.

Minza, kwa furaha ya kujua, alipiga kelele pale pale zizini kwamba sasa ni thelathini na wawili, na thelathini na wawili kwa wanne ni wanane wanane. Asubuhi yake vijana wanne walikuwa mlangoni, wamekuja na kamba. Mzee Ngolo alinijia akiwa na fimbo, akaniambia, "Gelasius, mjukuu wako na binti yangu wameniharibia boma, na mwalimu mwenyewe ni mtu wa kwetu!" Tukakaa, tukashauriana kama wazee. Ndama kwa sasa amehamishiwa kwa shemeji wa Mzee ili zizi lirudi tasa. Lakini kuna majike wengine wawili wana mimba, na mashemeji hawatoshi.

Nilipofika hapa nilikuwa nimeshaamua kukuomba jambo moja tu: fundisheni tasa, acheni zile zinazogawanyika, maana ndizo zinazobomoa nyumba za watu. Ningeishia hapo, nikakutakia kazi njema. Lakini limetokea la kumi na tatu, na sasa sina namba ninayoitetea.

Lalamiko la 13. Kuhusu Odeta mwenyewe.

Niruhusu nilieleze taratibu.

Binti yangu Angela, mama yake Odeta, alifariki miaka kadhaa iliyopita, mumewe akiwa ametangulia. Waliacha watoto saba. Matanga yalipoisha ukoo ulikaa kupanga malezi. Walezi walikuwa wanangu watatu: Maiko, anayevua samaki Kapalamsenga, Martin, anayelima kule milimani Mwese, na Makarius, aliyeko Mpanda mjini. Mimi sikuwekwa. Kikao kilisema mzee aliyefiwa na mke, anayejipikia ugali wenye madonge, hawezi kulea mtoto. Nikaambiwa nigawe tu, kwa kuwa kugawa ndiyo kazi yangu.

Nikagawa. Saba kwa watatu, kila mmoja wawili, akabaki mmoja, mdogo kuliko wote, amelala kwenye mkeka na kidole mdomoni. Baki ni ya mgawaji. Hakuna aliyebisha. Nikamfunga mgongoni kwa kitenge cha marehemu mke wangu, wanaume wenzangu wakinitazama, nikaingia naye ndani. Tangu siku hiyo ugali wangu hauna madonge, maana ilibidi nijifunze.

Sikuwahi kumsimulia habari ya kikao. Hakuwahi kuuliza, nadhani aliiokota kwa wajomba zake. Sasa Mwalimu Nyanda ametoa kazi ya nyumbani: kila mtoto atafute namba tasa moja nyumbani kwao, aje aieleze darasani. Wengine walitaja madirisha, wengine bata. Odeta, kwa jinsi Minza alivyonisimulia, alisimama akasema: "Kwetu tulizaliwa saba. Walezi walikuwa watatu. Kila mmoja alichukua wawili. Baki ni mmoja, ndiyo mimi."

Mwalimu akamwekea vema, na darasa likampigia makofi ya kilo. Sikatai kwamba jibu lilikuwa sahihi. Nauliza tu kama kuna mtu aliyemtazama usoni wakati anapigiwa.

Alirudi mpole. Nikadhani malaria. Siku mbili hakupanga maharage, yakaiva mapema, na mimi sikuweza kuyala. Kisha Jumapili, baada ya misa, akaja na karatasi. Amekaa na vigawo vyake, amepata mpango. Mwaka una miezi kumi na miwili. Wajomba ni watatu. Tatu ni kigawo cha kumi na mbili. Atakaa miezi minne Kapalamsenga, minne Mwese, minne Mpanda, mwaka unaisha, anaanza upya. Akanionyesha kwa mstari mwekundu: hakuna baki. Ataanza na Kapalamsenga shule ikifungwa. Habari ya kuhama shule mara tatu kwa mwaka ameiwekea alama ya kuuliza, amesema atakuuliza wewe.

Nilimuuliza mimi niko wapi kwenye karatasi hiyo. Akasema, kwa upole kabisa, "Babu, wewe umenibeba muda mrefu kwa sababu nilibaki tu. Sasa nimepata namna ya kuenea."

Nguo zake ziko kwenye begi tangu Jumapili. Anavaa, anafua, anazirudisha humo humo.

Mwalimu Mkuu, mimi ni mtu wa maneno. Nimesuluhisha wanandoa, nimesuluhisha mipaka ya mashamba, Bi Romana mwenyewe hunizima nikizidisha. Lakini karatasi ile haisuluhishiki kwa maneno. Ningesema nini? Kwamba hesabu si sahihi? Ni sahihi. Nimeirudia kwa vidole, kwa maharage, nikamwomba hata Mzee Ngolo aikague, akasema angekuwa na mtoto kama huyu asingempa ndama shemeji. Inatoka bila kosa, na inaniacha na sifuri. Nimeumia, nasema wazi, na sijui nimlalamikie nani isipokuwa wewe.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo, na namba zinaendelea palepale zilipoishia:

17. Mada hii ya namba tasa, vigawo na vigawe isitishwe Darasa la Tano mpaka Odeta atakapoisahau. Nimeambiwa kuna mada ya kuchora pembe. Pembe hazijawahi kumhamisha mtu.

19. Neno baki lifundishwe kwa heshima. Watoto wanaambiwa wagawe, na kinachosalia wakiandike pembeni kwa herufi ndogo, kama kitu kilichoshindikana. Si kweli. Kwenye turubai langu baki haikuwahi kuwa nyama mbaya. Mara nyingi ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote, na mpangaji alijua.

23. Ikiwa hayo mawili yatashindikana kwa sababu za silabasi, basi shule iandike Wizarani kuomba mwaka uwe na miezi kumi na tatu, walau ndani ya Mkoa wa Katavi. Kumi na tatu kwa wajomba watatu ni miezi minne minne, na unabaki mwezi mmoja, ambao kwa desturi ni wa mgawaji. Mwezi mmoja ni mdogo lakini nitaupokea. Nikifikiria zaidi naona miezi kumi na moja ingefaa kuliko hiyo, maana hapo kila mjomba angepata mitatu na ingebaki miwili. Ninyi mliosoma ndiyo mtajua ni mwezi upi wa kuondoa. Mimi ningependekeza wa pili, ambao chakula huwa kidogo na hakuna atakayeulilia.

Najua ombi la mwisho ni zito. Lakini hata mimi sikuwahi kuomba kitu shuleni kwenu tangu lile la mlango wa choo.

Nimalizie kwa salamu. Msalimie makamu wako na walimu wote, mama anayepika uji, mlinzi, na yule anayegonga kengele dakika tano kabla ya wakati. Wasalimie watoto wote, walio tasa na wanaogawanyika. Mwalimu Nyanda naye msalimie, ila yeye mpe nusu ya salamu. Nasikia na nusu mnafundisha, atajua ya kufanya nayo. Bi Romana anawasalimu, ingawa hajui naandika.

Nasubiri majibu yako kabla shule haijafungwa, kwa kuwa yakija baada ya hapo hayatakuwa na mtu wa kumsomea.

Ni mimi mzazi mwenzenu mwenye masikitiko,

Gelasius,
Mgawaji wa jumuiya (mpaka sikukuu ijayo)

Nakala: Mzee Ngolo, kwa taarifa.

Nyongeza baada ya sahihi:

Barua hii nilimpa Odeta ainakili vizuri, kwa kuwa mwandiko wangu unasomwa na mimi tu, na si kila siku. Alinakili yote, hata ya nyama, bila kucheka. Alipofika lile la 13 kalamu ikasimama. Nikadhani ameumizwa na maneno. Akauliza, "Babu, kwenye wale saba ulimhesabu na kaka Gervas?"

Gervas ndiye mkubwa wao. Nikasema ndiyo, si mtoto wa Angela? Akasema, "Lakini kaka Gervas wakati ule alikuwa ameshaoa. Ana kwake Mpanda, ana bodaboda yake. Alikuwa anagawiwa ya nini?"

Nikamwambia anakili, giza linaingia. Hakunakili. Akaanza kuhesabu taratibu, macho ameyaelekeza kwangu: "Bila yeye tulikuwa sita. Sita kwa watatu ni wawili wawili. Hakuna baki. Mjomba Makarius ulimpa kaka Gervas na dada, na Gervas hakwenda popote. Nafasi ile ilikuwa yangu mimi."

Mwalimu Mkuu, nimegawa nyama mbele ya mapadre wawili na diwani, sijawahi kubanwa namna ile. Mwanangu Makarius hakuuliza siku ile, Maiko na Martin hawakuuliza, ukoo mzima ulinyamaza ukaniacha na saba yangu. Ameniuliza huyu, kwa vigawo vya Mwalimu Nyanda. Nikamwambia ukweli, kwamba sita isingenibakizia mtu, na mimi nilikuwa nimeshamchagua kabla matanga hayajaisha.

Alilia. Nami nikasingizia moshi. Kisha akaenda chumbani, nikasikia begi linamwagwa, na kamba ya nguo ukutani ikalia kwa uzito.

Kwa hiyo naomba malalamiko yote hapo juu, kuanzia la 2 mpaka la 13, pamoja na maombi yake, uyachukulie kama hayakuandikwa, na mwaka ubaki na miezi yake. Vigawo viendelee, vigawe viendelee, na kama kuna kigumu zaidi Darasa la Sita mwanzisheni mapema, karatasi nitanunua. Nilitaka kuichana barua, Odeta amekataa. Anailetea shule mwenyewe Jumatatu, kwa kuwa anataka Mwalimu Nyanda amfutie ile vema. Anasema jibu alilotoa lilikuwa na kosa, na anataka kulisahihisha mbele ya darasa zima.